Alama Aliyoifuta Papa Donatien

Nakumbuka, mwanangu, Misa moja ya kuwaombea marehemu hapa Kikula, nami nimekaa benchi la mbele, kijana mwenye majivuno. Nilikuwa nimetoka kusoma Lubumbashi, na parokia ilikuwa imenipa kazi ya kuhamishia daftari la waumini kwenye kompyuta. Majina yaliyosomwa siku hiyo yalitoka kwenye programu yangu.

Msomaji akafika kwenye jina la Mama Veronika, muuza samaki wakavu wa sokoni. Mwenyewe akasimama katikati ya kanisa.

"Miye niko hapa!" akasema. "Niko muzima!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Alikuwa amemzika mumewe mwezi uleule. Na habari ina miguu: kabla hatujatawanyika, binti yake alikwishapigiwa simu, akaja mbio kutoka mtaa wa Shituru, analia, bila viatu.

Nikamwendea Papa Donatien, karani wa parokia, kwa hasira. Mzee akanijibu taratibu: "Mutoto, nilikosea ukurasa, nikaweka alama ya kufa kwa mama pahali pa bwana yake. Nikaifuta siku ileile. Nilikuambia mara mbili kama alama inarudia. Weye ulisema mikono yangu imezeeka."

Kweli nilisema hivyo, na kucheka nilicheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu lilivunjikia mbele ya kanisa zima.

Tukakaa wawili mbele ya mashine. Akafuta alama kwenye kisanduku cha "Amefariki", akahifadhi. Tulipoufungua ukurasa upya, alama ilikuwa palepale. Ndipo nikaelewa nisilolijua: kisanduku chenye alama hutuma habari, kisicho na alama hakitumi kitu. Programu yangu ilibadilisha yale tu iliyoyapokea. Kwa kuwa haikupokea neno, ililiacha la zamani. Mama wa watu akabaki marehemu.

Nikaenda kwake kuomba radhi. Akanisogezea bukari, ugali wetu wa huku, na samaki. "Kula kwanza," akasema. "Ona, mufu iko anakupikia!" Hadi leo nikimkumbuka natabasamu. Sasa amelala kweli, na Papa Donatien naye.

Basi, mwanangu unayejifunza kazi hii, fomu ikifika usitazame kilichokuja tu. Pitia kila kisanduku ulichokiweka kwenye ukurasa ule. Ambacho hakikuja, kiandikie "hapana" katika hifadhidata. Ila kile ambacho ukurasa haukukionyesha, usikiguse. Kisha jaribu mwenyewe: weka alama, ifute, hifadhi, fungua tena uone. Na anayeitumia kazi yako akikuambia jambo halikai sawa, vuta kiti ukae naye. Usimcheke.

Mungu aibariki mikono yako, akujalie masikio yasiyodharau, na jina lako likae siku nyingi katika orodha ya walio hai.