Mbuzi wa Chuo Kwenye Mnada wa Mavuno

Mwalimu Jokébed alifundisha ufugaji katika chuo kidogo juu ya barabara ya Butembo kwenda Lubero, na kwa muda mrefu alifundisha bila mifugo chuoni. Zizi lilikuwapo, tena zuri, lenye sakafu ya saruji. Lakini mwaka ule wa vita askari walipita wakachukua ng'ombe wote. Mwanamke huyu, badala ya kukaa kulia, akawagawa mbuzi waliobaki kwa familia za milima ile, kila nyumba mbuzi mmoja, afugwe nyuma ya jiko kama mali ya wenyewe. Tangu hapo darasa likawa linamfuata mbuzi. Leo mlima huu wanakata kwato, kesho ule wanatoa dawa ya minyoo, na Jokébed mbele juu ya baiskeli yake nyeusi, hana habari na matope.

Kisha ikaja habari kutoka Butembo. Inspekta Paulin angepanda kuiona mifugo ya chuo kwa macho yake. Asipoiona, masomo ya ufugaji yafungwe na wanafunzi wapelekwe kwenye ushonaji. Jokébed alikasirika, na alikuwa na haki. Watu wazima wameacha mashamba yao wajifunze kutibu wanyama, leo waambiwe washone? Lakini angewakusanyaje mbuzi mahali pamoja, na askari wamepiga kambi ng'ambo ya bonde?

Akaichagua Jumapili ya mavuno. Siku hiyo Waprotestanti wote hupanda kanisani na chochote walicho nacho, viazi, kuku, mbuzi, na hakuna anayeuliza mbuzi huyu katoka wapi. Wanafunzi wangefanyia kazi yao uani, inspekta akitazama, kisha kila mbuzi arudi alikotoka. Siri hiyo aliwaambia wanafunzi na wafugaji tu. Mzee wa kanisa Salomon hakuambiwa, maana Salomon, Mungu amsaidie, hajawahi kulala na siri tumboni.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Jokébed alipokwenda kumpokea inspekta barabarani, Salomon aliwaona mbuzi wamefungwa kwenye ua. Akafurahi kupita kiasi, akawafungua, akawaweka mbele pamoja na viazi, na mchungaji akaviombea vyote. Kitu kikishaombewa pale hakirudi kwa aliyekileta. Kinapigwa mnada uani.

Jokébed alirudi na inspekta, akamkuta Salomon ameshika kamba ya mbuzi wa kwanza.

“Madame,” inspekta aliuliza, “hizi si mbuzi ya chuo? Mbona banaziuzisha?”

Jokébed aligeuka. Mlangoni mwa ua walisimama askari watatu wakitafuna miwa. Akisema ni mali ya chuo, jioni mbuzi wote wangelala kambini. Asiposema, masomo yamekufa.

“Ungoje kidogo, Monsieur l'Inspecteur,” alisema kwa sauti ya chini. “Uangalie tu.”

Mama Orpa, mwanafunzi mkubwa kuliko wote kwa umri, akasimama. Mbuzi yule alikuwa amelelewa nyuma ya jiko lake. “Natosha beseni ya maharagi,” alisema, akaitoa beseni yake mbele. Mtu mmoja alitaka kuongeza, jirani yake akamfinya. Mbuzi wa pili akanunuliwa kwa kuku, na walionunua ni wale wale waliomfuga. Ikawa hivyo hivyo, kila mbuzi akarudi kwa watu wake, na hakuna aliyekuwa amepanga na mwenzake.

Akabaki mbuzi mwekundu mwenye mimba. Huyo alifugwa kwa Hadjara, mke wa dereva wa lori, na Hadjara ni Mwislamu, kwa hiyo hakuwapo kanisani; wanafunzi ndio waliomleta mbuzi. Hakuna aliyesimama. Askari mmoja akasogea mbele.

“Ntaba hiyo ni ya biso,” alisema kwa Kilingala cha kambini, yaani mbuzi huyo ni wao. “Natosha gunia ya chumvi.”

Chumvi wakati ule haikuwa mchezo. Salomon akainua mkono amalize mnada.

“Miye natosha kinga yangu,” alisema Jokébed, akaisukuma baiskeli mpaka mbele.

“Mwalimu, kinga?” Salomon aliuliza, akiitazama baiskeli.

“Kinga. Na pompe yake.”

Askari akamtazama kama mtu aliyerukwa na akili, akacheka, akarudia muwa wake.

Mtu akinunua mbuzi lazima amkague, na hilo halimshangazi askari yeyote. Basi wanafunzi wakawakagulia wanunuzi mbuzi palepale. Orpa alifunua kope za mbuzi wake akamweleza inspekta rangi ile inasema nini juu ya damu. Mwingine aliinua kwato, mwingine akapapasa tumbo la yule mwekundu na kutaja mwezi atakaozaa. Inspekta aliuliza, wakajibu. Aliuliza magumu zaidi, wakajibu hayo pia. Askari walichoka kutazama, wakashuka bondeni.

Paulin akaitazama baiskeli, ambayo sasa ilikuwa ya kanisa. Hakuuliza tena mbuzi ni wa nani.

“Masomo haitafungwa,” alisema mwishowe. “Kesho darasa inaanzia ku mulima gani?”

“Kwa Hadjara, ile ya mbali,” alisema Jokébed, akamshikisha kamba ya mbuzi mwekundu. “Tutoke mapema, Monsieur. Tunaenda na miguu.”