Nyayo za Unga wa Mchele

Mchele uliolowekwa una harufu fulani ya ubichi, na kila ninapoinusa, mikono yangu hutafuta kitambaa cha kupigia deki. Nina digrii sasa, na nawaza kupita kiasi juu ya kila kitu, lakini chanzo cha tabia hii nakijua.

Ilikuwa Jumamosi, mwaka 1996, nami nina miaka tisa. Mama alikuwa na wiki tatu tu katika kazi ya nyumba kwa Mama Rupa, Mhindi wa Ngara. Kazi ya awali alifukuzwa kwa kuvunja birika. Kutoka Laini Saba, mtaani kwetu, tulikwenda kwa miguu, akinionya njia nzima nisiguse kitu. Jioni hiyo mwezi ungekuwa mpevu, na Mama Rupa angemkaribisha Lakshmi, mungu wao wa kike anayeleta neema.

Nilitaka kusaidia, jamani. Niliona nyayo ndogo nyeupe kutoka mlangoni hadi kwenye kimeza cha sala, nikajua kuna mtoto amekanyaga unga. Nikazipiga deki zote. Sakafu iling'aa, nikajipongeza.

Mama Rupa alitoka jikoni akashika kichwa. Alikuwa amezichora kwa unga wa mchele uliokorogwa, Lakshmi azifuate kuingia. Akauliza nani amefuta.

"Ni mimi," Mama akasema, kabla sijafungua mdomo. "Na ni mimi nitazirudisha. Mwezi hautatoka kabla sijamaliza."

Nilinyakua bakuli la unga huo nikaanzia mlangoni; wayo wa tatu nikaufuta kwa goti. Mama hakunigombeza.

"Anzia ndani, urudi nyuma kama unapiga deki. Uso uangalie zinakoenda."

Tukarudi kinyumenyume, yeye akigonga wayo kwa ubavu wa ngumi, mimi nikiweka vidole vitano kwa ncha ya kidole, hadi tukajikuta nje ya kizingiti, magoti yanauma, nyayo zote zikiingia ndani bila sisi. Mama Rupa alizikagua moja moja.

"Jumatatu wewe kuja mapema," akamwambia Mama.

Njiani niliwaza ule uongo. Sisi watu wa kanisa! Sikuthubutu kumuuliza. Nyumbani alivua viatu akaingia, na nyayo zake, zenye jasho na mabaki ya unga, zikaacha alama nyeupe kwenye saruji, kutoka mlangoni hadi kwenye jiko la makaa. Nilishika ufagio, kisha nikaurudisha, bila kujua kwa nini. Ilinichukua miaka, na barua nyingi za kuomba kazi zisizojibiwa, kuelewa ni nani aliyekuwa akiingia kwetu kila jioni.