Sala ya Papa kwenye Mgahawa wa Paris

Mtu anaombea kiti kwa nini? Harufu ya siagi ya moto katika mkahawa mmoja wa Harborne, mtaa wa Birmingham, hunirudishia swali hilo, na hasira yangu ya utotoni pia.

Tulikuwa tumetoka Birmingham kwa basi, nikiwa bado mtoto. Papa, baba yangu, akatupeleka kufungua kinywa katika mgahawa maarufu wa Paris, akafumba macho, akaanza kuomba. Alishukuru kwa mikate, kwa meza, kwa kiti kimoja kimoja. Mhudumu alisimama na birika la kahawa, hajui amimine au angoje. Watu walitutazama. Nilikuwa na njaa na aibu, nikitaka jambo moja tu: aseme amina.

"Papa, utabariki na vijiko?" Mama alimnong'oneza.

"Na vijiko," alijibu, macho yamefumbwa.

"Mungu ameshasikia!" nilisema. "Chokoleti yangu inapoa."

"Basi wacha asikie tena, binti."

Niliinywa baridi, nimenuna.

Nilikuwa nimeshamaliza chuo kikuu shangazi aliponieleza kwamba, kabla hatujamfuata Ulaya, Papa aliosha sufuria miaka mitatu katika jiko la mgahawa uleule, na hakuruhusiwa kupita mlango wa mbele.