Roboti Iliyofundishwa Ubaoni

Kosa nitakalolieleza hapa ni woga wa kugusa, uliovikwa joho la utunzaji, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliolivaa joho hilo kwa fahari.

Shule yetu ya sekondari, wilayani Kilolo, ilipewa na wafadhili sanduku la vifaa vya kuundia roboti. Mkuu wa shule alilipokea kwa mikono miwili na kulifungia katika kabati la kioo ofisini kwake, jirani na vikombe vya wageni ambavyo mpaka leo hajatokea mgeni wa kuvistahili. Plastiki yake haikuondolewa. Muhula mzima wageni waliletwa kulitazama, wakalisifu kwa jinsi linavyong'aa, wakanywea chai vikombe vya bati.

Mimi ndiye niliyepewa jukumu la kulifundisha. Kwa kuwa kijitabu cha maelekezo kilibaki nje ya kabati, nilifundisha kijitabu. Nilichora ubaoni mota, gia, ekseli, kihisi na kidhibiti. Wanafunzi wakanakili kwa rula na penseli za rangi. Kisha nikatunga mtihani: taja sehemu tano za roboti. Wote wakafaulu, nami nikatembea wiki nzima kifua mbele.

Ndipo ikaja barua. Wafadhili wangefika Ijumaa kutoka Mbeya, na wanafunzi walitakiwa kuunda kigari kinachotembea mbele ya macho yao. Wakishindwa, sanduku lingehamishiwa shule moja ya Chimala, ambayo, barua ilisema, ingependa kulitumia. Sijapata kusoma tusi lenye adabu kama lile.

Jumatano plastiki ikachanwa. Mkuu alisimama kando ya meza, mikono nyuma.

"Tazameni tu," aliwaagiza wanafunzi. "Macho hayapotezi skrubu."

Nikamwomba kiranja wa darasa, binti aliyekuwa amepata alama zote, anionyeshe mota. Akaelekeza kidole kwenye kasha la betri.

"Uliyotuchorea ilikuwa kubwa, mwalimu," alijitetea. "Tena nyekundu."

Ilikuwa nyekundu kwa sababu chaki nyeupe zilikuwa zimeisha.

Wakati huohuo aliingia mwanamke mwenye mashine ya kusaga nafaka iliyo nje ya lango letu. Alikuwa ameleta unga wa jikoni na alitafuta mtu wa kuupokea.

"Kamwene, walimu," alisalimu, kisha akaitazama ile meza. "Mbona mmeizunguka kimya hivi, kuna msiba?"

Mkuu akamweleza, kwa upole wa mtu anayemhurumia mwenzake, kwamba hii ni sayansi, mama.

"Sawa, baba. Na ugali unaokula huwa unasagwa kwa maombi."

Akakung'uta kiroba kitupu, akatia vipande vyote ndani yake. Mkuu alifumba macho.

"Njoo, mwanangu," mama yule alimwita kiranja. "Tia mkono, usichungulie. Umeshika nini?"

"Jina lake silijui, mama."

"Jina nimekuuliza? Kikoje?"

"Kina meno. Kinazunguka."

"Kwangu pale, chenye meno kikizunguka kinafanya nini?"

"Kinazungusha kingine."

"Basi kitafute hicho kingine."

Wakapokezana kiroba mpaka muda wa chakula, ambacho kilichelewa kwa kuwa unga ulikuwa bado mlangoni. Mama yule alirudi Alhamisi, wakaviunganisha vipande kimoja kimoja. Kufikia jioni hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba mota ndiyo yenye nguvu, ekseli hubeba magurudumu, kihisi huona, na kidhibiti hutoa amri. Mimi nilikaa dawati la nyuma na kujifunza pamoja nao. Katika muhula wote ule sikuwa nimeshika hata kimoja cha vitu nilivyovisahihishia mtihani.

Ijumaa kigari kilitembea. Kilipinda kushoto, kikiwa na unga kwenye magurudumu, kikasimama chenyewe mbele ya kiatu cha mgeni. Wageni wakacheka, wakatamka kwamba sanduku litabaki Kilolo. Mkuu akatoa hotuba ndefu kuhusu uongozi wenye maono.

Mgeni mmoja akauliza ni nani aliyewafundisha. Mkuu akanigeukia, nami, naona haya kuliandika, nilikuwa nimeshaanza kuinuka. Kabla sijasimama wima, kiranja alijibu kwa jina ambalo mji mzima humwitia:

"Mama Mashine."