Gogo la Mlima wa Ipogolo

Mdogo wangu alinitupia karatasi ya jaribio la fizikia kabla sijatua mfuko wa mchele.

"Ona, kaka. Kosa hilo ni lako."

Lilikuwa langu kweli. Wiki iliyotangulia aliniuliza mchapuko ni nini. Mimi niliishia kidato cha kwanza, wazazi walipofariki, lakini nikaona haya kusema sijui. Nikamwambia ni mbio: gari lenye mbio kubwa lina mchapuko mkubwa. Akaandika hivyo hivyo. Mwalimu akakata kwa kalamu nyekundu, akaeleza pembeni kwamba gari linalokwenda kilomita themanini kwa saa bila kubadilika, mchapuko wake ni sifuri.

"Sifuri? Themanini hiyo unaiona mchezo?"

"Kabishane na mwalimu. Mimi nimechoka. Naacha shule, nakuja kwako Chimala tuuze mchele."

Nilizunguka kile chumba chake cha kupanga, hapo Iringa mjini, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Shule niliiacha ili yeye asiiache.

Mimi ni utingo wa lori linalobeba mchele kutoka Chimala hadi Iringa. Safari iliyofuata sikutulia kitini. Mpaka tunapita Nyololo nilikuwa nimekodolea macho mshale wa mwendo, hadi dereva akauliza, "Vipi, trafiki wamekutuma?"

Ipogolo, mlima wa kupanda mjini ulipoanza, nikashuka na gogo langu la kuzuia tairi. Gari likiwa na mzigo, sisi utingo hupanda mlima ule kwa miguu, kando ya gurudumu la nyuma. Katikati ya mlima gia ikakataa. Lori likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma, polepole mno. Mgeni angedhani ana muda wa kufunga kamba za viatu. Lakini utingo anayesubiri kuona mbio amechelewa. Kila sekunde inaongeza mwendo juu ya ule wa sekunde iliyopita. Nikasukumiza gogo chini ya tairi, nikabaki nimechuchumaa, nacheka peke yangu.

"Mwehu wewe!" dereva akafoka dirishani. "Tumeponea chupuchupu, unacheka!"

Tulipofika mjini nilikimbia kwa mdogo wangu, mikono ina vumbi bado.

"Mshale ukitulia, hata kwenye themanini, mchapuko hakuna. Ukianza kusogea, upo." Nikamweleza na habari ya mlima.

Akanitazama kwa jicho la kutoamini. "Lile lori, pale pale lilipokuwa limesimama kabla halijarudi, mwendo ulikuwa sifuri. Mchapuko je?"

Moyo ulinidunda kuliko kule mlimani. "Ulikuwepo. Usingekuwepo, lori lingebaki limesimama; ningekimbia na gogo la nini?"

Akachukua kalamu, akaifuta sentensi yangu ya zamani, akaandika yake, ndefu. Kisha akafungua ukurasa uliofuata.

"Haya, kaka. Na kani ni nini?"

"Sijui," nikasema, nikavuta kigoda. "Soma kwa sauti."