Mukwe wa Honorine

Marehemu muke wangu Honorine alilima mihogo hapa Wamaza. Lakini watu walimujua kwa batri.

Ilitoka kwenye lori lililozama katika tope njia ya Kasongo. Shofere alikaa kwetu mwezi muzima akila sombe, majani ya mihogo ya Honorine. Siku ya kuondoka alimuachia batri, ile nzito yenye vifuniko sita juu. Mutoto wetu Alain akaleta sahani ya umeme wa jua kutoka Salamabila. Tangu hapo tulikuwa na taa, na jirani walileta telefone zao kuchaji.

Honorine aliiita mukwe. Aliiweka juu ya ubao, isiguse chini. Na maji ya kuiongezea hayakutoka mutoni, kwani mukwe hapewi maji ya ovyo. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi aliiacha ipite. Alisema inaosha hewa. Ya pili ndiyo aliitegea beseni la plastiki katikati ya uwanja, mbali na mabati. Alichuja kwa kitambaa cheupe, akajaza chupa.

Jirani yetu Mado alimucheka. "Mama Alain, mukwe wako anakunywa vizuri kuliko bwana wako."

"Bwana nimemuzoea," Honorine akasema. "Mukwe akikasirika anaondoka."

Honorine alikufa wakati wa jua kali. Siku zote za matanga taa iliwaka. Chupa zilipoisha nilichota maji mutoni. Kwa macho yalikuwa safi. Nikaiongezea hayo, tena na tena. Taa ikawa nyekundu, halafu ikakataa. Sikumwambia mutu. Nilijua ni mimi.

Akapita Abdoul na pikipiki yake. Yeye anakusanya batri zilizokufa. Alifungua vifuniko, akachungulia.

"Papa, imenyweshwa maji mabaya. Hii haiponi."

Nilimuuliza anazipeleka wapi. Akanieleza kuna kampuni za mbali zinazotengeneza batri za magari. Kule wanazivunja, wanayeyusha risasi, ile madini nzito iliyo ndani, wanaimwaga upya, inatoka katika sanduku jipya. Nikauliza kama risasi ya hii yetu itakuwa ndani ya mojawapo. Akasema itakuwa, lakini hakuna atakayejua ni ipi.

Padri alisema mengi kaburini. Haya ya Abdoul niliyaelewa zaidi.

Alikubali kuichukua na kuniletea nyingine. Akanionyesha moja aliyoibeba, juu laini kabisa, haina kifuniko. Akasema kampuni sasa zimewahurumia wazee: hii haiombi maji, unaiweka unaisahau.

Niliitazama. Beseni la Honorine lilikuwa limeegemea ukuta. Nikichukua hii, lile halina kazi tena.

"Iko yenye vifuniko?"

"Iko. Lakini itakusumbua, Papa. Na ya kwanza umeiua."

"Najua. Niletee hiyo."

Akamufunga mukwe nyuma ya pikipiki kwa mupira. Nikaweka mukono juu yake. Abdoul hakuwasha pikipiki mpaka nilipoutoa.

Yenye vifuniko ilifika kabla ya kiangazi kuisha. Nimeiweka juu ya ubao uleule.

Juzi mvua ikanyesha, ya kwanza. Mado akaniita kutoka kwake kwamba nimesahau beseni ukutani.

Nikamwambia bado. Hii inaosha hewa.