Kabati na Kipengele cha Tisa

Ofisini walimwita Kabati, na jina likamganda. Alikuwa katibu muhtasi wa taasisi ya utafiti wa mifugo, mwanamke mfupi, miwani ya kusomea ikining'inia shingoni. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kutupa karatasi. Mwaka wake wa kwanza kazini, mtafiti mmoja alipoteza nakala ya mwisho ya makala yake, akamsingizia yeye, na barua ya onyo ikaingia kwenye faili lake. Hakulia. Kuanzia siku ile, kila makala iliyopita mezani kwake kwenda kwenye majarida aliihifadhi mara mbili: moja kwenye kompyuta, nyingine kwenye kabati la chuma nyuma ya kiti chake, ikiwa na tarehe na sahihi ya mwandishi. Watafiti walimcheka, na kila walipobadilisha kompyuta walirudi kwake mikono nyuma.

"Kabati, mama yangu, ile ya kupe unayo?"

"Ninayo. Na nyingine mbili ulizosahau kwamba uliandika."

Angestaafu hivyo hivyo, bila habari, kama si simu ya mdogo wake Jumatatu moja asubuhi.

Mdogo wake wa kiume alikuwa mfugaji wa mbuzi wa maziwa. Nyumba nzima ilisimama juu ya migongo ya mbuzi wale. Walikuwa thelathini na mmoja, wakaanza kukohoa, na ndani ya wiki mbili wanne walikuwa wamekufa. Daktari wa mifugo wa wilaya alikuja, akasikiliza vifua, akasema inaelekea ni homa ya mapafu, ile ya kuambukiza, na kwa homa hiyo hakuna mjadala: zizi zima linachinjwa na kufukiwa kabla halijawaambukiza wa majirani. Fomu angeisaini Ijumaa.

"Dada, hawa si wale wale waliopimwa na watu wenu?" mdogo wake alifoka kwenye simu. "Walikuja hapa miaka miwili. Wakachukua damu, wakachukua mate, wakachukua mpaka mavi. Kila wakija nawapikia chai. Waliona nini?"

Kabati alijua walichoona, maana alikichapa kwa vidole vyake. Mbuzi wanaolishwa mabondeni kwenye majani mabichi wanaweza kukohoa kwa minyoo ya mapafu, na ukisikiliza kifua tu utadhani ni homa. Kipimo cha kutofautisha kipo, na dawa ya minyoo inawaponya. Akamweleza mdogo wake yote hayo.

"Basi mwambie daktari!"

"Mwambie wewe, ndiye aliye na mbuzi."

Mchana mdogo wake akapiga tena. "Nimemwambia. Amesema habadilishi uamuzi kwa maneno ya dada ya mtu, anataka karatasi. Nimeitafuta kwenye simu, nimeipata. Inataka nilipe kwa kadi ya kimataifa. Mimi kadi niliyonayo ni ya kliniki ya mtoto!" Akashusha sauti. "Nitolee nakala moja, dada. Nani atajua?"

Nakala ilikuwa nyuma ya kiti chake, hatua mbili. Lakini mfanyakazi aliyetoa makala nje bila kibali aliachishwa kazi, na daktari yule angeuliza swali moja tu: hii umeitoa wapi? Aliyewahi kuuza chochote anajua bidhaa ya wizi inavyokufa mkononi kwa swali hilo. Tena mbuzi waliopimwa walitoka kwenye mazizi sitini. Wenye mengine hamsini na tisa hawakuwa na dada kwenye taasisi.

"Sikupi kitu cha mlango wa nyuma. Nipe mpaka Alhamisi."

"Mbuzi wanakufa, wewe unaniletea utaratibu?"

"Alhamisi, nimesema. Na watenge na wa jirani."

Jumanne nzima alichambua kabati. Alitoka na karatasi tatu. Ya kwanza ilikuwa mkataba wa wizara: utafiti unaolipiwa na kodi, mwananchi ausome bila malipo kabla mwaka haujaisha. Ya pili ilikuwa mkataba wa jarida, ule ambao watafiti husaini wakiwa wamesimama. Jarida lilijichukulia kurasa lilizozipanga lenyewe. Ile nakala ya mwisho ya mwandishi, kabla ya kupangwa, taasisi iliruhusiwa kuiweka kwenye tovuti yake. Ya tatu ilikuwa fomu ya taarifa ya mwaka, iliyotakiwa wizarani wiki ile ile na ikisubiri sahihi ya mkuu wa taasisi. Huyo mkuu ndiye aliyeongoza utafiti wa mbuzi.

Jumatano saa tatu aligonga mlango wake.

"Mkuu, nimekwama kipengele cha tisa. 'Je, matokeo ya utafiti yanasomwa na wananchi bila malipo?'"

"Andika ndiyo, mama. Si ndivyo tunavyoandika kila mwaka?"

"Ndivyo. Ila safari hii wanataka na mfano, na mahali unapopatikana. Nikasema niweke ule wako wa mbuzi."

"Weka, weka." Mkuu alifurahi.

"Sasa nimeutafuta nimeshindwa. Hebu nionyeshe kwenye simu yako, kama mwananchi wa kawaida."

Mkuu akaandika jina lake mwenyewe, akaupata mara moja, akabonyeza. Simu ikamtaka alipe.

"Hawa watu wana wazimu? Hii kazi ni yangu!"

"Ndiyo, mkuu. Wamekuandika hapo juu kabisa, halafu wamekudai."

Kwenye kupatana, hapo ndipo mtu asiyejua hujimaliza kwa kuongea. Kabati alifunga mdomo. Alimwacha mkuu aitazame simu yake mpaka aichoke.

"Lakini tulishawapa jarida," mkuu akasema hatimaye. "Tulisaini."

Kabati akaweka mkataba wa jarida mezani, kidole kwenye aya. Mkuu akaisoma, akairudia.

"Kumbe. Lakini hiyo nakala yangu iko wapi? Kompyuta ile ilishakufa." Akamtazama katibu wake, akaanza kucheka mwenyewe. "Unayo."

"Ninazo zote. Mia mbili na kumi na nne. Tisa majarida yanataka tusubiri mpaka mwakani, hizo nimeziweka kando."

"Tufungue hii ya mbuzi basi, tuijaze fomu."

"Moja siwezi, mkuu. Mdogo wangu ana mbuzi wanaokohoa, na Ijumaa wanachinjwa. Tukifungua hii peke yake, watasema katibu alimbeba ndugu yake na wewe ukamsaidia. Tukifungua zote, wewe ni mkuu aliyetimiza mkataba."

Mkuu akaegemea kiti. "Za mwaka huu."

"Kipengele hakisemi za mwaka huu."

"Mia. Nyingine tutaangalia."

"Mkuu, mimi ni wa kuchapa tu. Niandike ndiyo, au niandike hapana?"

Mkuu akachukua kalamu.

"Mama, wewe ungefaa kuuza magari."

"Ahsante. Zote?"

"Zote, bwana. Mwite fundi wa kompyuta."

Fundi alianza na mbuzi. Alhamisi saa sita mchana Kabati alimpigia mdogo wake. "Shika simu, tafuta tena. Na usimlipe mtu."

Mdogo wake alikimbilia ofisi ya daktari, akapenya mbele ya foleni huku akitukanwa. Daktari alipoona ile makala alikunja uso.

"Nani amekupa hii?"

"Hajanipa mtu. Fungua kwenye simu yako, daktari, nakusubiri."

Daktari akafungua. Alianza kusoma akiwa amesimama, akamalizia amekaa. "Kata yako imetajwa humu," alisema, kwa sauti nyingine kabisa. Jioni alikuwa zizini anakusanya mavi mabichi. Aliyafunga kwenye kitambaa chepesi, akayaning'iniza ndani ya bilauri ya maji vuguvugu kama makala ilivyoelekeza, akayaacha mpaka asubuhi.

Ijumaa wachimbaji walikuwa wamekaa ukingoni mwa shimo na majembe yao. Daktari aliweka hadubini juu ya ngazi ya nyumba, akadondosha tone kutoka chini ya bilauri, akainama. Akakaa hivyo muda mrefu.

"Njoo uone."

Mfugaji akachungulia. Vitu vyembamba kama nyuzi vilikuwa vinajinyonganyonga.

"Hawa ndio walionilia mbuzi wanne?"

"Hao hao. Na wiki iliyopita nimefukia zizi zima ng'ambo ya mto kwa kikohozi kama hiki. Sikupima." Daktari alisema hivyo bila kumtazama mtu. Kisha akaichana fomu, akaandika dawa ya minyoo kwa mbuzi ishirini na saba.

"Sasa sisi na hili shimo?" mchimbaji mmoja akauliza.

"Liacheni hivyo hivyo!" mfugaji alipiga kelele huku akicheka na kufuta macho. "Nitajengea choo!"

Mbuzi walinyweshwa mmoja mmoja, wakipiga mateke, na hakuna aliyekufa tena. Daktari alichapisha ile makala akatembea nayo zizi kwa zizi. Mpaka mwezi unaisha alikuwa ameponya mazizi sita, na nyuma ya fomu zake za kuchinjia alikuwa akiwaandikia wafugaji anwani ya tovuti, wakasome wenyewe.